Nta Iliyobaki Koponi

Leo nimefedheheka. Tena mchana kweupe, tena harusini, tena mbele ya mtu ambaye nataka aniite mkwe! Sogeeni niwaambie mwenyewe, kabla hamjaisikia huko Ngamiani ikiwa imetiwa chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Mnajua namtaka Mwanaidi wa Makorora. Mnamjua na baba yake, Mzee Kombo fundi cherehani, yule anayevaa kanzu nyeupe pee hata akienda kununua dagaa. Tangu mjomba wangu apeleke posa, mzee hajasema ndiyo wala hapana. Juzi akaniita. "Hamisi, weye una teksi. Jumapili nipeleke Pongwe, mpwa wangu anaoa. Tutazungumza njiani."

Jumapili ndiyo leo.

Na teksi yangu mnaijua. Zamani ilikuwa nyeusi, jua likaigeuza kijivu kama kisigino kisichoonja mafuta. Jana nikaenda duka la spea, nikanunua chupa ya dawa ya majimaji ya kuziba mikwaruzo na kutia mng'ao, na kopo la nta ya kupaka juu yake ili mng'ao usitoke. Mwenye duka akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto.

"Osha kwanza. Paka dawa, ikikauka futa. Halafu nta, nyembamba, kivulini. Kwenye rangi ya gari tu, umesikia?"

"Nimesikia." (Nilisikia. Kusikia si tatizo langu.)

Leo alfajiri nikaanza kazi uani. Nikaosha, nikapaka, nikafuta, nikatia nta, nikafuta tena mpaka bega likalia. Lakini jamani, gari lilirudi ujana! Niliinama kwenye boneti nikagundua nimenyoa ndevu upande mmoja tu. Jirani akapita, akauliza, "Umenunua jingine?" Laiti ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa mtu na heshima zangu.

Nta ilibaki kidogo koponi. Nikakitazama kiti cha mbele, kile kirefu tunachokalia dereva na abiria. Ngozi imepasukapasuka, imefifia. Nikasema, kutupa neema ni dhambi. Nikaipaka yote. Kiti kikang'aa kama tende!

Saa tatu nipo Makorora.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akalizunguka gari, mikono nyuma. Akajiona mlangoni, akaiweka kofia yake sawa. "Kijana anayetunza chuma," akasema, "atatunza na mtu." Jamani! Nusura nipige honi kwa furaha. Mwanaidi alikuwa dirishani, ameziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Tukaondoka. Kona ya kwanza, Mzee Kombo akateleza mpaka mlangoni. Kona ya pili, akarudi mpaka begani kwangu.

"Hamisi, nyoosha gari!"

"Limenyooka, mzee. Barabara ndiyo imepinda."

Na miye mwenyewe nateleza, nimeng'ang'ania usukani kama mtu anayezama. Tulipofika kwenye mashamba ya katani, mtu wa baiskeli akakatiza. Nikakanyaga breki. Kutazama kushoto, kiti kitupu! Mzee yuko chini, magoti kifuani, kofia machoni.

"Tulikuwa tunazungumza nini?" akaniuliza kutoka huko huko chini.

"Mahari, mzee."

"Tusizungumze."

Jua lilikuwa limeshapanda, gari limekuwa tanuri, na nta chini yetu inayeyuka. Sikujua. Tulipofika Pongwe, wanawake wakatupigia vigelegele, watu wakainuka kumwamkia mgeni. Mzee akashuka kwa madaha, akawapa mgongo ili afunge mlango.

Vigelegele vikakatika.

Nyuma ya kanzu, pale pale mnapopafikiria, palikuwa na duara la hudhurungi upana wa sinia. Nta imechanganyika na rangi ya ngozi kuukuu, yote ikahamia kwa mzee.

Dada yake, Bi Tatu, ana sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. "Kombo, kaka yangu! Tumbo limekushika tangu lini?"

Mzee akajipapasa, akatazama kiganja. Kisha akanitazama miye. Nikaona lazima nimwokoe. Nikapaza sauti, "Jamani, si yeye! Ni miye niliyempaka!"

(Msiniambie nirudie. Sirudii.)

Macho yote yakanigeukia. Nikarudi kinyumenyume, nikajigonga kwenye gari, nikageuka kutazama nimegonga nini. Hapo ndipo harusi nzima ikaona kwamba nami nina duara langu. Shehe aliyekuja kufungisha ndoa akajifunika uso kwa joho, mabega yanatikisika.

Wakatufunga kanga viunoni. Mzee Kombo, fundi wa kanzu za mji mzima, ameshuhudia ndoa ya mpwa wake akiwa na kanga ya maua, na nyuma imeandikwa "Wasemao na waseme".

Kurudi alikataa kukaa. Akasimama nje, kwenye ule ubao wa kukanyagia chini ya mlango, mkono ameshika dirisha, kanga inapepea. Maili zote hizo! Tulipopita Ngamiani watu wakatoka madukani kumwamkia, naye akaitikia kila shikamoo, moja moja, bila kugeuza shingo. Miye nilikuwa naomba ardhi ipasuke.

Mwanaidi alipotuona tunaingia, alikaa kizingitini akacheka mpaka machozi. Sijapata kumwona akicheka vile. Mzee akamtazama bintiye kwa muda. Akashuka, akanisogelea dirishani.

"Siku nyingine ukija kwangu," akasema, "njoo kwa miguu." Akaingia ndani.

Mjomba anasema huko ndiko kukataliwa. Miye naona mzee amesema "ukija". Hakusema "usije". Basi acheni kucheka, na mwenye viatu imara aniazime.