Karate ya Shilingi Mia Tatu

Antipasi alikuwa amebakiwa na siku sita za kuwa mtu wa mjini. Tangazo lilibandikwa Jumanne kwenye ukuta wa stendi ya Singida, na lilisema bila kuzunguka kwamba kuanzia Jumatatu ijayo kila mkazi asiye na karatasi ya kuonyesha anafanya kazi gani atapakiwa kwenye lori na kupelekwa kijijini akalime. Antipasi alilisoma mara mbili, akitafuta mahali pa kupenya, asipaone.

Si kwamba hakuwa amefanya kazi. Katika miaka yake thelathini na mbili alikwisha kuuza dawa ya kuotesha nywele, alikwisha kukodisha uwanja wa mpira usio wake, na aliwahi kukusanya michango ya msiba wa mtu aliyekuwa hai, ambaye mwenyewe alichangia shilingi mbili kwa huzuni. Lakini katika kazi zote hizo hakuna iliyotoa karatasi. Na jembe alilichukia kwa moyo wake wote. Alizaliwa Ilongero katikati ya uwele na mtama, akakimbia akiwa na miaka kumi na sita, na kila alipokumbuka mgongo wa baba yake, wa kwake ulianza kuuma. Alichohitaji ni nauli ya Arusha na fedha kidogo ya kuanzia maisha huko, kabla ya Jumatatu.

Basi alikaa mgahawani karibu na soko, akinywa chai ya rangi taratibu ili isiishe kabla bahati haijapita. Ikapita. Iliingia imevaa kitenge cha bluu na kubeba kikapu, ikamsalimu mwenye mgahawa, ikauliza hapa mjini karate inafundishwa wapi.

Swali hilo halikumshangaza mtu. Mwezi uliotangulia gari la sinema lilikuwa limeonyesha uwanjani picha ya watu wanaopigana kwa mateke, na tangu siku hiyo nusu ya vijana wa Singida walikuwa wakichechemea kwa sababu ya kupiga kuta. Mama huyu aliitwa Cecilia, mweka hazina wa kijiji cha ujamaa cha Mapambano, ng'ambo ya Issuna. Alieleza kwamba wezi wameingia zizi la kijiji mara mbili mwaka ule. Wanamgambo wao wana fimbo na filimbi tu. Mkutano ulibishana siku nzima, ukatenga shilingi mia tatu kutoka kwenye alizeti ili wanamgambo wapate semina ya karate.

“Mia tatu, na semina ni moja tu,” alisema. “Nikikosea kuchagua hakuna nyingine. Na wezi wakirudi, ng'ombe wa jembe wamekwisha. Tutalima kwa mikono.”

Mwenye mgahawa alikuwa anafungua mdomo aseme hajui. Antipasi alimuwahi.

“Shikamoo mama. Hapa mjini ziko semina mbili.”

Wakati anasema hivyo hapakuwa na hata moja. Lakini Antipasi aliijua vizuri tabia ya mnunuzi. Ukimwonyesha kitu kimoja atajiuliza kama anunue. Ukimwonyesha viwili atajiuliza anunue kipi, na lile swali la kwanza hatalikumbuka tena. Akamwambia mama kwamba yeye mwenyewe ndiye mwalimu wa karate, aliyesomea Japani. Kuhusu yule mwingine wa kung'fu, alisema hapendi kumsema mtu. Kisha akamsema kwa robo saa.

Yule mwingine, ambaye bado hakujua kwamba ni mwalimu wa kung'fu, alikuwa pembeni ya soko akiziba pancha. Urbano alikuwa fundi baiskeli mwenye spana mbili, moja ya kuazima, na hakuwa na karatasi kama Antipasi. Aliahidiwa shilingi mia moja. Aliuliza jambo moja tu, kama atapigwa teke. Antipasi akamhakikishia kwamba katika sanaa hii hakuna anayepigwa teke, watu wanapiga kelele tu.

Sare zilishonwa siku hiyohiyo kutoka kwenye magunia mawili meupe ya unga wa msaada, ule wa mwaka wa njaa. Fundi cherehani alikuwa na uzi mwekundu peke yake, wakashonewa wote kwa uzi mwekundu. Matangazo yaliandikwa kwenye manila, kila moja na picha ya mtu anayeruka, na chini yake maneno makali kuhusu mshindani.

Mama Cecilia aliwatembelea Alhamisi, mmoja nyuma ya ghala, mwingine nyuma ya uwanja wa mpira. Karate ilikuwa shilingi mia tatu. Kung'fu ilikuwa mia mbili na sitini na kuku mmoja. Kila mwalimu alimwambia kwamba mwenzake ni tapeli asiyejua lolote, na hapo, kwa mara ya kwanza wiki ile, wote wawili walisema kweli.

Mama hakuwa na haraka. Aliigusa kola ya sare, akautazama mshono. Aliwashika mikono akawa haiachii. Ule wa Urbano aliutazama hadi kwenye kucha, ambako grisi haijawahi kutoka tangu Uhuru, akamuuliza kitu kwa sauti ya chini ambacho Antipasi, aliyekuwa amejibanza nyuma ya ukuta, hakukisikia. Ule wa Antipasi aliupapasa kiganjani.

“Mkono wako laini, mwalimu.”

Mtu mdogo angebabaika. Antipasi alitabasamu, akamweleza kwamba kule Japani mwalimu wake alimtia shambani kwenye mpunga, akalima miaka miwili kabla ya kufundishwa teke la kwanza. “Jembe ndilo mama wa karate,” alisema. “Ukishalima vya kutosha nguvu inaingia ndani, kiganja kinabaki laini.” Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe. Yalimpendeza na Mama Cecilia, ambaye alikuwa amemaliza elimu ya watu wazima mwaka uliopita na bado alikuwa na utamu wa kuandika. Alimwomba ayarudie polepole, akayaweka kwenye daftari.

Kisha akasema kwamba atawachukua wote wawili kijijini kwa majaribio.

“Kwetu ng'ombe wa jembe hatumlipii mnadani,” alisema. “Tunakwenda naye kwanza, tunamfunga nira, anatulimia siku moja au mbili kwenye ardhi yetu. Akilala chini anarudi kwa mwenyewe.”

“Mimi si ng'ombe, mama.”

“Najua. Ng'ombe hajitajii bei.”

Antipasi alikubali, tena kwa furaha ya siri. Wamchague nani, fedha ingeishia mfuko mmoja. Ijumaa asubuhi yeye na Urbano walipanda basi la kwenda Manyoni, wakakaa mbalimbali wakinuniana kama inavyowapasa maadui, wakashuka Issuna ambako mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa ukiwangoja.

Mapambano walipokelewa kwa heshima zote. Mwenyekiti, Mzee Nathanaeli, aliwaita Ndugu Walimu, wakaletewa maji ya kunawa na ugali wa uwele. Halafu wakapelekwa kwenye shamba la kijiji. Alizeti ilikuwa imefika magotini na magugu yalikuwa yameifikia. Vipande viwili vilikuwa vimepimwa kwa kamba, sawasawa, na kwenye kila kipande limelazwa jembe jipya.

Antipasi akauliza wanamgambo wako wapi. Walikuwapo, kumi na wawili, wamekaa ukingoni na Kamanda Alute mbele yao, tayari kujifunza. Mama Cecilia akafungua daftari akasoma mbele ya watu wote, kwa sauti ya darasani, kwamba jembe ndilo mama wa karate. Wanakijiji waliitikia kwa vichwa. Lilikuwa neno zito, na lilikuwa limetoka Japani.

Antipasi angeweza kumbishia mtu yeyote, lakini maneno haya yalikuwa yake mwenyewe. Akainama, akaokota jembe.

Kamanda Alute alimsihi anyanyue jembe polepole ili vijana waone miguu inakaaje. Vijana wakaona. Baada ya saa moja waliona pia malengelenge. Urbano kwenye kipande cha pili alilima kama mtu aliyekuwa amesahau anapenda nini na sasa amekumbuka, akiitikia salamu za wapita njia huku akiendelea. Antipasi alimkoholea, alimkonyeza, alimtupia na kidongo, maana haikuwa lazima kujitesa hivyo kwa ushindi ambao wangegawana. Urbano hakugeuka. Hadi Jumamosi mchana alikuwa amemaliza kipande chote. Antipasi alikuwa na mistari kumi na moja haijaguswa, na mgongo wa baba yake.

Mkutano ulikaa. Urbano akachaguliwa kwa kauli moja, na mwenyekiti akatangaza kwamba kuku abaki, ila zile mia tatu zote atakabidhiwa yeye Jumatatu, daftari likishasainiwa. Antipasi alisikitika usoni na kucheka tumboni. Tatizo lilikuwa moja tu, Jumatatu ndiyo siku ya lori. Lakini kichwa chake kilipona mapema kuliko mikono yake. Alimfuata Mama Cecilia pembeni, akamwambia kwa unyenyekevu kwamba yeye ameshindwa, hadai kitu, anaomba tu barua ya kijiji inayomtambua, ili asije akasumbuliwa mjini. Akiwa na barua angemsubiri Urbano na fedha kwa raha zake, kisha Arusha.

Mama alisema hilo ni haki yake. Aliandika kwa mwandiko wa mviringo, taratibu, ukurasa mzima. Akagonga muhuri wa kijiji mara mbili. Akaifunga bahasha kwa ugali kidogo wa moto, akaipiga na muhuri wa tatu juu ya mfungo.

Antipasi hakuifungua. Hapa msomaji asimwone mjinga. Alikwisha kuishi miaka mingi kwa bahasha kama hizo, alijua kwamba barua iliyofunguliwa ni karatasi tu, lakini iliyofungwa na kugongwa muhuri hata karani mkali huipokea kwa mikono miwili. Angekuwa mtu wa mwisho Singida kuiharibu.

Jumatatu alikaa mgahawani mbele kabisa, mahali anapoonekana, akaagiza chai na maandazi mawili. Lori lilikuwa limesimama sokoni. Watu walikuwa wakitoka kwa milango ya nyuma. Ofisa alipofika mezani na kuuliza anafanya kazi gani, Antipasi alimaliza kutafuna kwanza, akatoa bahasha.

Ofisa aliipokea kwa mikono miwili. Akasoma. Akamtazama. Akasoma tena, safari hii kwa sauti.

“Kwa yeyote anayehusika. Mwenye barua hii, Ndugu Antipasi, ni mkulima wa kijiji chetu cha Mapambano tangu Ijumaa. Kipande chake hajakimaliza. Atakuambia kwamba ni mwalimu, na maneno yake ni mazuri, usiyasikilize sana. Tunaomba arudishwe kwa usafiri wowote ulio karibu. Tumemwekea jembe.”

Lori lilimshusha Mapambano saa kumi jioni. Kitu cha kwanza alichokiona ni tangazo lake mwenyewe la manila, limepigiliwa kwenye nguzo ya zizi, mtu anaruka na miguu yote juu. Lingine la kung'fu lilikuwa kwenye nguzo ya pili. Habari zilikuwa zimekwisha kufika minada yote ya jirani kwamba kijiji hiki kina walimu wawili, na kwamba wanachukiana vibaya sana.

Cha pili alichokiona ni Urbano, amezungukwa na baiskeli tano mbovu za wanakijiji zilizopinduliwa. Mbele yake, kwenye kipande cha gunia jeupe lenye uzi mwekundu, zilipangwa spana mpya, pampu, tyubu na solusheni. Zile mia tatu zilikuwa pale, zimepita dukani asubuhi ile, sasa zimelala kwa mstari. Kamanda Alute alikuwa juu ya baiskeli ya sita akiijaribu breki. Mwizi wa ng'ombe huenda kwa mwendo wa ng'ombe, na wanamgambo wa Mapambano hawakuwahi kukosa mateke, walikosa magurudumu.

“Umeniuza,” alisema Antipasi.

Urbano aliendelea kukaza nati. Alikuwa na aibu kidogo, na hakuificha. “Aliniuliza nafanya kazi gani,” alisema. “Pale pale siku ya Alhamisi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia.”

Mama Cecilia alikuja na jembe begani na daftari mkononi. Antipasi alimwamkia, maana hata siku kama hiyo adabu ni adabu, naye akaitikia marahaba, akamuuliza habari za mjini. Kisha akamwambia kwamba magunia yale waliyoshonea sare aliyagawa yeye mwenyewe mwaka wa njaa, nyumba hadi nyumba, na hatayasahau. Hakusema kwa hasira.

“Karibu mwalimu. Mistari yako kumi na moja hatukuigusa.”

Antipasi aliutazama mgongo wa shamba, mrefu, kijani, hauna kona. Akauliza kwa sauti ndogo atakaa hapa mpaka lini.

Mama alilowesha kidole, akafungua daftari ukurasa wa Alhamisi.

“Ulisema mwenyewe,” alisema. “Miaka miwili kabla ya teke la kwanza.”