Misalaba Minne Juu ya Mlango

Watu wengine wakiingia duka la vifaa vya ujenzi huangalia bei. Eustaki aliangalia watu. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka moja pale Ifakara mjini, akigeuzageuza kitasa ambacho hakuwa na nia ya kukinunua, maana chumba alichopanga kilikuwa na kitasa chake, na mwenye nyumba alikipenda kile kitasa kuliko mpangaji.

Akaingia mama mmoja mtu mzima, khanga safi, rozari shingoni, akauliza bei ya bati. Akaambiwa. Akashusha pumzi ndefu, akafungua pindo la khanga na kuweka juu ya kaunta kisarafu cheusi chenye tundu katikati.

"Na hii, mwanangu, bado ni hela?"

Muuzaji akacheka. "Hii ya Mjerumani, mama. Ilikufa kabla wewe hujazaliwa."

"Basi tena. Panya ndiye kaitoa sakafuni. Si unajua nyumba yenyewe ni ya Mjerumani? Ile ya mawe, ukifika Sanje unapita daraja, kulia kwako, ina minazi miwili. Ulizia kwa Mama Balbina."

Muuzaji hakuwa ameuliza njia. Eustaki naye hakuuliza, lakini alishaikariri.

Hapa inafaa tusimame kidogo tumwelewe. Katika bonde la Kilombero kila mtu ana shemeji wa shemeji yake aliyewahi kuiona mali ya Mjerumani. Inasemekana Mjerumani alipokimbia vita alizika hazina zake na juu yake akaweka alama ya msalaba, ili akirudi asihangaike. Hakurudi. Wanaohangaika ni wengine, na Eustaki aliwajua vizuri kwa sababu walikuwa wateja wake. Yeye ndiye aliyewauzia watu fulani mbegu ya mpunga inayojipalilia yenyewe. Ulimi wake ungeweza kumshawishi kiboko avae viatu.

Katika maisha yake yote alikuwa na kitu kimoja tu cha halali: bajaji. Hiyo aliitolea jasho miaka miwili mizima, na nyuma yake aliandikisha kwa herufi nyekundu: SIBAHATISHI. Aliipenda. Watu waliomfahamu walisema akiiosha huongea nayo.

Siku ya tatu yake bajaji ilisimama chini ya minazi miwili. Eustaki alishuka na shati lililopigwa pasi, faili mkononi na kitambulisho shingoni, kilichotengenezwa jana yake stesheneri na bado kilikuwa na harufu ya plastiki moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unatoka wapi?"

"Natoka Mradi wa Kuhifadhi Nyumba za Kale. Mimi ni Mhandisi Eustaki. Tumesikia nyumba yako ni ya kihistoria."

Mama Balbina aliiangalia bajaji, akaangalia kitambulisho, kisha akamwangalia mhandisi kuanzia kichwani hadi viatuni. "Mungu mkubwa," alisema. "Nilikuwa namwomba fundi, ananiletea mhandisi."

Nyumba ilikuwa ya kuhurumia. Kuta za mawe zilikuwa imara, lakini bati lilikuwa limeoza hadi ukiwa sebuleni ungeweza kuiona milima ya Udzungwa bila kutoka nje. Milango ilikuwa imeegemezwa tu. Katika vyumba vyote vinne palikuwa na masufuria sakafuni yakisubiri mvua. Marehemu mume wake, Wendelin, alikuwa seremala, na kama maseremala wote alijenga nyumba za watu. Alimwahidi mkewe paa jipya miaka ishirini na moja, akafa bado anaahidi. Mama Balbina alilisema hilo bila kulia, lakini alilisema akiwa anaangalia sufuria.

Kitu kimoja tu pale nyumbani kilikuwa kizima: kisima, kimejengewa vizuri na kina mfuniko. Eustaki akapewa maji.

"Kisima kizuri, mama."

"Alikichimba kijana mmoja wa Mlimba. Alikuja kwa shughuli zake tu, akakichimba peke yake mpaka maji yakatoka. Watu wanawasema vibaya vijana wa siku hizi. Mimi sijaona ubaya wao."

"Sasa, mama, mradi utalazimika kuchimba sakafu kidogo. Kupima msingi."

"Chimba, mwanangu. Ila nina sharti. Chumba ukikichimba, unakipiga saruji kwanza ndipo uende chumba kingine. Mimi ni mtu mzima, nikianguka shimoni sitoki."

Eustaki akaona hiyo bei ni poa kabisa. Kwa hazina ya Mjerumani, mifuko kadhaa ya saruji ni nini? Mpango wake wenyewe ulikuwa mdogo na safi: achimbe, akikosa azike vibuyu viwili vya shaba kama chambo, amlete mtu mwenye fedha na tamaa, amuuzie fununu, aondoke.

Kilichomharibia ni ufagio. Akijifanya mhandisi alipangusa masizi juu ya kizingiti cha mlango mkubwa, na chini ya masizi zikatokea alama zilizochongwa kwenye mbao ya mninga:

19 + K + M + B + 12

Eustaki aliganda juu ya stuli. Hii hakuiweka yeye. Katika kazi yake alama zote alizowahi kuona alizichonga mwenyewe, na hapa palikuwa na moja iliyochongwa na mtu mwingine. Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na mbili, Mjerumani yupo. Herufi tatu, bila shaka ndio waliozika. Na misalaba aliihesabu mara mbili: minne. Vyumba ni vinne.

"Mama," aliita, "hii ni nini?"

Mama Balbina alitoka jikoni akifuta mikono. Akaitazama, akapiga ishara ya msalaba. "Wendelin alisema alama hiyo tusiiguse. Alisema ndiyo inayolinda nyumba."

Ndiyo inayolinda nyumba! Eustaki alishuka kwenye stuli akiwa mtu mwingine. Kwa miaka kumi alikuwa muuzaji wa uongo huu. Sasa alikuwa mteja wake.

Hakutaka kibarua, maana kibarua ana macho, na macho yana mdomo. Akachimba mwenyewe. Mikono ambayo haikuwahi kushika kitu kizito kuliko usukani wa bajaji ilivimba, ikapasuka, ikaota sugu. Chumba cha kwanza kilitoa kiatu kimoja cha ngozi na mifupa ya paka. Eustaki akakipiga saruji, kwa hasira kwanza, kisha kwa aibu, kwa sababu Mama Balbina alikuwa akipita na kusema, "Pale pembeni pamebonyea, mhandisi," na kweli palikuwa pamebonyea.

Chumba cha pili, alipogonga ukuta uliokuwa na mlio wa uwazi, nyundo ilizama na nyuki wakatoka. Alikimbia hadi barabarani, watu wa Sanje wakamwona mhandisi akivua shati la mradi huku anaruka. Alirudi jicho moja limefumba. Ndani ya ukuta kulikuwa na masega ya asali ya ndoo tatu. Mama Balbina aliyakamua, akauza, akamtengea kikombe kimoja.

"Kunywa na chai, mwanangu. Inaondoa uvimbe."

Chumba cha tatu alikuwa amefika kiunoni mvua iliponyesha. Shimo likajaa maji, na Mhandisi Eustaki akawa anachota kwa sufuria lile lile alilolikuta pale. Alichota siku tatu. Mvua ilijaza siku tatu.

"Mimi si msomi," Mama Balbina alisema akiwa mlangoni, khanga kichwani, "lakini naona kama huwezi kuchimba nyumba isiyo na paa."

Alisema kweli, na kweli ile ilimuuma Eustaki. Misalaba miwili ilikuwa bado. Akaenda Mofu kwa mzee Shilinde, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wengi na tangu hapo wameongezeka. Eustaki alimweleza yote: Mjerumani, vita, misalaba, herufi. Aliyaeleza vizuri hivi kwamba yeye mwenyewe machozi yalimlengalenga.

"Umeiona hiyo mali?" Shilinde aliuliza.

"Nimeiona alama yake, mzee."

"Ng'wanawane, mwanangu, mimi nikinunua ng'ombe namfungua mdomo naangalia meno. Huyu wako hana meno, hana mkia, na amelala chini ya sakafu ya mtu. Hiyo bajaji yako nayo iko chini?"

"Hapana, mzee. Iko hapo nje."

"Basi hiyo naweza kuishika."

Eustaki alitoka nje, akakaa kwenye kiti cha dereva muda mrefu, mikono juu ya usukani. Alijiambia ni rehani ya wiki mbili tu. Akipata hazina ataikomboa na kuinunulia redio mpya. Alipoondoka Mofu kwa miguu hakugeuka nyuma, kwa sababu angegeuka angeyasoma yale maandishi mekundu.

Paa lilipigwa na fundi wa Mang'ula kwa siku nne. Bati jipya, kenchi mpya, mifereji ya maji pembeni. Mvua ilipokuja tena Mama Balbina alitandika mkeka katikati ya sebule na kukaa tu, akisikiliza inavyogonga juu bila kushuka. Hapo alilia. Eustaki, akiwa shimoni, alimsikia, na bila kutaka akajisikia vizuri. Jambo hilo lilimtia wasiwasi.

Chumba cha tatu kikatoa chupa tupu. Saruji. Kikabaki cha nne, na katika cha nne, siku ya Jumamosi, jembe lilitoa mlio wa chuma.

Lilikuwa sanduku. La chuma, zito, lina kufuli iliyoliwa na kutu. Eustaki alilikumbatia, akalitoa, akalivunja kwa nyundo. Ndani, zimefungwa kwa gunia lenye mafuta, zikiwa bado zinang'aa, kulikuwa na bawaba za milango. Bawaba kubwa, za shaba, jozi nane.

"Yesu wangu!" Mama Balbina alipiga makofi. "Bawaba za Wendelin! Alizifukia wakati wa wezi, akasahau chumba. Amezitafuta mpaka anakufa!"

Alizibeba kifuani na kuzipakata. Eustaki alikaa ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia. Wahenga walishasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, ila hawakusema ukingo wenyewe utakuwa umeuchimba wewe. Hakuwa na bajaji, hakuwa na hazina. Alichokuwa nacho ni nusu mfuko wa saruji, na sharti. Akapiga sakafu, kisha akafunga milango kwa bawaba za marehemu. Hata leo haelewi kwa nini aliifunga vizuri.

"Usiondoke kabla ya Sikukuu ya Mamajusi," Mama Balbina alimwambia. "Padre anakuja kubariki nyumba. Utakosaje, na wewe ndiye uliyeijenga?"

Padre alikuja na jumuiya nzima ikiimba. Mzee Shilinde alialikwa pia. Alifika na mbuzi wawili ndani ya bajaji, na mbuzi mmoja alikuwa ametoa kichwa juu ya SIBAHATISHI. Eustaki aliangalia pembeni.

Maji ya baraka yalinyunyizwa chumba kwa chumba. Kisha padre akaomba stuli na chaki. Akapanda, akasimama mbele ya mlango mkubwa, chini ya ile mbao ya mninga, akaandika polepole, kila mtu akiona:

20 + K + M + B + 26

Eustaki akaihesabu misalaba: minne.

"Kaspari, Melkiori na Baltazari," padre alieleza akishuka. "Mamajusi watatu, na mwaka. Wazungu wa zamani walikuwa wakiandika hivi juu ya milango yao kila mwaka, nyumba ipate baraka. Huyu wa kwanza naona alichonga kabisa, alikuwa mvivu wa kununua chaki."

Jumuiya ikacheka. Eustaki, aliyekimbia mafundisho ya kipaimara wiki ya pili, hakucheka. Alimfuata Mama Balbina nyuma ya jiko.

"Mama. Ulikuwa unajua."

"Najua nini, mwanangu? Nilikwambia inalinda nyumba. Hailindi?"

"Na mimi, je? Ulinijua lini?"

"Siku ile ile. Mradi gani unakuja na bajaji? Miradi inakuja na magari makubwa, inapiga picha, inaondoka. Hata saruji haiachi." Akamgusa begani. "Sikukudanganya neno hata moja. Lakini nimeungama hata hivyo. Nimepewa Salamu Maria nne, moja kwa kila chumba."

Eustaki alitaka kukasirika, akatafuta hasira, akaikosa. Alimwona mama huyu amesimama chini ya paa lisilovuja, na kitu alichohisi kilikuwa heshima, ile ya mwanafunzi aliyempata mwalimu wake. Iliuma vile vile.

Huko mbele bajaji ilipiga honi. "Ng'wanawane!" Shilinde aliita. "Narudi kupitia Ifakara. Panda, ukae na mbuzi!"

"Basi, mama," Eustaki alisema, "nipe walau kile kisarafu. Niwe na kitu cha kuonyesha."

Mama Balbina alilishika pindo la khanga yake kwa vidole viwili, akalikaza fundo.

"Hiki siwezi, mwanangu. Hiki ndicho kilichochimba kisima. Na umeme bado sijavuta."