Mshono wa Kiuno cha Bosi

Jumatatu, 4 Machi
Nesi wa zahanati amemwita mkwe wangu, mke wa mwanangu, kwa ajili ya mjukuu wangu. Mtoto ana miaka mitano na sote tunamwita Bosi, kwa sababu ndiye anayeamua. Eti mstari wa uzito kwenye kadi yake unapanda mbio kuliko urefu. Mkwe wangu amerudi amenywea. Akasema Ijumaa tuende wote tunaomlisha mtoto, huku akinitazama mimi. Mimi! Fundi cherehani mstaafu, mtu wa watu!

Kisha akatoa la moyoni. Kama ni mimi ninayemjaza Bosi vitu, basi mama yake mzazi atachukua zamu yangu ya kukaa naye baada ya chekechea. Mchana wangu! Tangu mke wangu afariki, mchana huo ndio unaonitoa kitandani.

Nikaenda zangu uani. Wala sikusema kwamba sketi ya sare ya Bosi nimeifumua kiunoni mara tatu tangu mwaka uanze, nikaishona upya pana zaidi, kidogo kidogo, mtu asigundue. Hakuna aliyegundua.

Jumanne, 5 Machi
Mzazi mwenzangu, yaani mama wa mkwe wangu, amewasili na begi dogo na matango manne. Mwembamba kama sindano, na anachoma vilevile. Ameingia chumbani kwangu uani, akafungua kabati bila hodi, akakuta biskuti. Nikamwambia ni za wageni. Akauliza mgeni wa mwisho alikuja lini. Sikukumbuka.

Mpango wa kwanza: biskuti zihamie kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Bosi akaniona nikizihamisha. Nikampa mbili ili anyamaze.

Jumatano, 6 Machi
Mpango wa pili: kupunguza uzito kabla ya Ijumaa. Nikamwambia Bosi tukimbie mpaka kwa muuza magazeti pale kwenye kona, kisha turudi. Yeye amekimbia mara sita. Mimi mara moja na nusu. Hiyo nusu iliishia kwenye kreti la muuza magazeti, akinipepea na gazeti la juzi. Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Siku nyingi sijamsikia akicheka hivyo. Nikamnunulia soda kwa kazi nzuri.

Mzazi mwenzangu alikuwa dirishani. Ameona mbio, ameona kreti, ameona na soda.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango wa tatu ni wa kifundi. Nimemshonea Bosi gauni la kupimiwa, kwa kitambaa chepesi kuliko vyote nilivyonavyo. Sikuweka mifuko. Hata vifungo sikuweka, nimetia utepe. Mkwe wangu akalisifu sana, kisha akasema mtoto atavaa sare, maana wataondoka chekechea moja kwa moja.

Sare! Nikanyatia kamba ya nguo niichukue ile sketi niifiche, avae gauni langu. Mzazi mwenzangu akanifuma nayo mkononi. Nikasema naikagua. Badala ya kunichoma, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye naye alimlisha binti yake hivyo hivyo, zamani zile, kwa sababu sahani ikirudi tupu alijiona mama wa maana. Sikulitegemea hilo. Nikairudisha sketi kambani.

Ijumaa, 8 Machi
Zahanati. Benchi refu, mizani, picha ya karoti ukutani. Nesi ni binti mdogo, ananiita babu kwa adabu zote, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Alipomsaidia Bosi kushusha sketi, akageuza kiuno kwa ndani na kukitazama sana. Akauliza, nani fundi hapa? Nikainua mkono kwa fahari. Mjinga mimi!

Akatuonyesha. Mistari mitatu ya vitundu vya sindano, kila mmoja pale mshono ulipokuwa. Miaka arobaini kwenye cherehani, nikasahau kwamba kitambaa cha sare hakifichi vitundu.

Mkwe wangu hakufoka. Alilia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema miezi yote hii kadi inasema mtoto anaongezeka, sketi inasema hapana, naye akaamini sketi. Nesi alipomwita, akajiona mama asiyemjua mwanawe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nesi akasema hatukuitwa kulaumiana. Asinyimwe chakula, asiitwe mnene. Maji badala ya soda. Kula pamoja mezani, televisheni imezimwa. Kucheza nje kila siku, kulala mapema, na akisema ameshiba, tumwamini. Kisha akamuuliza Bosi anapenda nini zaidi kwa babu. Nikajiandaa kusikia biskuti. Bosi akasema, kukimbia mpaka kwa muuza magazeti. Na biskuti je? Akasema anazila tu, kwa sababu akizikataa babu anahuzunika.

Nililia mbele ya watu wote. Mzazi mwenzangu akanipa leso yake.

Mkwe wangu ameamua: mchana unabaki wangu, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Mama yake atakuja mara mbili kwa wiki kuangalia. Ningekubali hata aje na polisi.

Jumatatu, 18 Machi
Siku kumi, na hakuna biskuti hata moja nyumba nzima! Tunakimbia kila siku. Sasa ninamaliza mara mbili kamili. Mzazi mwenzangu anashika saa na kuikejeli miguu yangu. Leo Bosi amekula nusu ya tango, akasema ameshiba, nami sikubembeleza. Nikamwambia tu kwamba nampenda. Sijawahi kumwambia hivyo bila kushika kitu cha kumpa. Akasema anajua, nifunge viatu twende.

Mimi ni mtu mpya. Mkwe wangu alipomchukua Bosi jioni nilikuwa na furaha isiyosemeka, nikaenda dukani kujipongeza. Keki mbili. Moja nimeila njiani. Ya pili ni ya dharura tu, endapo kesho Bosi atarudi mnyonge kutoka chekechea. Nimeishonea mfuko nyuma ya pazia, juu kabisa, ambako mzazi mwenzangu hafiki hata akisimama kwenye kiti.