Pazia Jeupe, Ndoo Nyekundu na Sweta la Kijivu

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Kwa mkono wa mama, ambaye hupita mbele ya ofisi yako akienda kazini.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MACHO YA MWALIMU WA NIDHAMU

Natumaini barua hii imekukuta mzima wa afya, na umekaa mahali penye mwanga mzuri. Tumefundishwa kwamba barua ya mwanafunzi kwenda kwa bodi hupitia kwanza kwa mwalimu wa nidhamu, naye huigonga muhuri. Hii nimeikwepesha njia hiyo kwa sababu inamhusu yeye mwenyewe, na sikupenda aipokee halafu aseme wino wangu si wa bluu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili na ndiye ninayeanzisha wimbo wa kwaya ya shule. Mstari wa kwanza nauimba peke yangu, kinanda kikiwa kimya, kisha wenzangu wanaingia. Jumamosi hii tunakwenda kushindana na shule nyingine katika ukumbi ambao mwalimu wa kwaya alikwenda kuukagua akarudi anajipepea. Alisema hauna dirisha hata moja, taa zake ni zile ndefu nyeupe zinazowashwa mchana kutwa, na humo ndani "tutaiva kama mikate." Masweta tutavaa hivyo hivyo. Nidhamu haijui joto.

Leo mchana mwalimu wa nidhamu ametoa uamuzi kwamba nitaimba, lakini nyuma ya pazia. Mahali pangu mbele atasimama rafiki yangu tunayemwita Kasuku, ambaye kazi yake itakuwa kufungua mdomo na kuufunga. "Sauti ipite, sweta libaki," ndivyo mwalimu alivyosema, na akaonekana kufurahishwa na maneno yake, maana aliyarudia. Sababu ni kwamba sweta langu, kwa macho yake, si la rangi ya shule.

Mama yangu ni mpishi wa hospitali. Amebadilishana zamu na mwenzake ili Jumamosi aje kuniona. Hakubadilishana zamu ili aje kutazama pazia.

Sweta lenyewe alilifuma yeye, kwa kuwa kanuni za shule zinaruhusu sweta la kufumwa nyumbani mradi rangi iwe ile ile. Alikwenda dukani na mkono alioukata kwenye sweta langu la zamani, akaulinganisha na uzi hapo kaunta, chini ya taa, yeye na muuzaji na mteja mmoja aliyekuja kununua zipu na ambaye hakuna aliyemuuliza. Wote watatu walikubaliana. Kisha akalifuma kwenye benchi la jiko la hospitali, kati ya chai ya wagonjwa na chakula chao cha mchana. Naeleza haya ujue kwamba sweta hili lina wenyewe, halikuokotwa.

Mwalimu wa nidhamu wanafunzi humwita Darubini. Sikulitunga mimi jina hilo, nililikuta. Nitalitumia hapa kwa sababu ni fupi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba Jumatatu sweta langu lilikolea. Tulikuwa mazoezini, nami nimesimama mwisho wa mstari, ubavuni mwa pazia jeupe la jukwaa. Darubini akachungulia mlangoni. "Wewe wa mwisho! Hilo sweta umelichovya kwenye lami?" Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka kidogo, kwa heshima.

2. Kwamba Jumanne sweta hilo hilo lilipauka. Mwalimu wa kwaya alinihamishia kando ya kinanda, ambacho ni cheusi, ili niisikie vizuri noti yangu. Darubini akaja tena. "Jana jeusi, leo limepauka kama soksi ya babu. Kwani una masweta mangapi, binti?" Nikamjibu kwamba ninalo moja. Akasema, "Usinifanye mimi mtoto." Ndugu Mwenyekiti, ningekuwa nayo mawili, nisingekuwa ninakuja shule baada ya kila kufua nikiwa na mikono ya sweta mibichi. Lakini hukumu ikapita: mtoto wa mpishi ana masweta mawili, na yote mawili ni mabaya. Nyumbani mama alisema tumepandishwa cheo.

Jambo hili lina maelezo, na maelezo hayo yanafundishwa katika shule yako, chumba cha tatu kutoka ofisi ya Darubini. Mwalimu wa sayansi alikata vipande viwili katika kadi moja ya kijivu, tukiona. Kimoja akakibandika juu ya karatasi nyeupe, kingine juu ya karatasi nyeusi. Darasa zima tuliapa kwamba kile cha kwanza kimekolea na cha pili kimepauka. Ndipo akavifunika kwa kadi kubwa yenye matundu mawili madogo, tukabaki tunaona vipande peke yake bila majirani zao. Vilikuwa sawasawa kama mapacha. Alitueleza kwamba jicho haliipimi rangi yenyewe, linailinganisha na kilicho kando yake, kama vile mtu wa kimo cha kawaida anavyoonekana mfupi akisimama na mrefu.

Siku hiyo Darubini alikuwa anapita dirishani. Alisimama akasema, "Mwalimu, mbona umewakatia watoto kadi mbili tofauti?" Mwalimu wa sayansi, ambaye ni mpole, akamkaribisha achungulie kwenye matundu. Akachungulia. Kisha akasema, "Matundu yako ndiyo yanayoharibu," akaenda zake.

3. Kwamba hili si la sweta langu tu. Kwenye gwaride la asubuhi, nusu ya uwanja hufunikwa na kivuli cha tangi la maji. Wiki iliyopita Darubini aliwatoa wasichana wote wa upande wa kivuli kwa kosa la mashati machafu, akawapeleka bombani. Wakafua mashati safi. Waliporudi wamelowa, jua lilikuwa limepanda na kivuli kimesogea. "Mnaona?" akatutangazia sote. "Mnaona yalivyotakata? Sabuni haijawahi kumwua mtu." Kivuli hakikuitwa kujieleza.

4. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Leo asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye baraza ya mbele ya madarasa, jua limenipiga sawasawa, kando ya zile ndoo nyekundu za mchanga wa kuzimia moto. Darubini akaja, akainama, akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayetazama picha, akasema: "Sasa nimelijua. Hili sweta ni la kijanikijani."

Kijani, Ndugu Mwenyekiti!

Kukolea naelewa. Kupauka naelewa. Jicho la binadamu ni dhaifu na mimi si mtu wa kumlaumu mwenzangu kwa udhaifu. Lakini kuona kijani katika kitu cha kijivu ni kazi inayohitaji juhudi. Mwalimu wa sayansi alitufundisha pia kwamba kijivu kikikaa jirani na nyekundu, jicho hukipaka ukijani ambao haupo. Kwa hiyo kilichomdanganya ni ndoo. Mtu mzima, mwenye cheti na tai, amedanganywa na ndoo ya mchanga. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya Darubini yanalo, na nyuma yake pamepangwa ndoo. Kasuku alinishauri nilipime sweta kwa matundu ili nipate ushahidi, lakini nilimwambia ujinga wa kiasi hiki haupimwi, unaachwa upite kama upepo.

5. Kwamba niliomba kuazima sweta la mwenzangu kwa siku moja, nikaambiwa sweta la kuazima ni uongo unaovaliwa. Aliyesema hayo ndiye aliyempa Kasuku mdomo wa kuazima.

Kwa sababu hizo, naiomba bodi yako ifanye yafuatayo:

(a) Macho ya mwalimu wa nidhamu yapewe onyo la maandishi, yote mawili, kila moja na barua yake. Yeye mwenyewe asiguswe, kwa kuwa ni mtu mwadilifu anayepotoshwa na marafiki wabaya.

(b) Pazia, kinanda na ndoo viitwe mbele ya bodi vije na wazazi, kama tunavyoitwa sisi. Mzazi wa ndoo nafikiri ni mtunza stoo.

(c) Kivuli cha tangi kipangiwe saa ya kufika na saa ya kuondoka, na kikichelewa kipige magoti kama wachelewaji wengine.

(d) Jua liandikishwe shuleni rasmi. Kwa sasa linaingia madarasani bila sare, linabadili rangi ya kila linachogusa, na hakuna aliyewahi kuliuliza mzazi wake yuko wapi.

(e) Ikiwa hayo ni magumu, shule nzima ipakwe kijivu: kuta, madawati, kinanda, ndoo, maua ya pale getini, na walimu kuanzia shingoni kwenda chini. Hapo hakuna kitu kitakachokuwa na jirani wa kukisingizia, na Darubini ataweza kupumzika.

(f) Kabla rangi haijanunuliwa, mwalimu wa nidhamu avae kadi yenye matundu mawili usoni saa zote za kazi. Nimemtengenezea moja kwa mikono yangu, nikaitia kamba ya kufungia kisogoni, na nimeiambatanisha humu. Naomba aipokee kama zawadi.

(g) Nami nisimame mbele Jumamosi, mahali pangu, na mdomo wangu.

Nisalimie wajumbe wote wa bodi, karani wako, mlinzi wa getini, na huko nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo. Mwalimu wa nidhamu nisalimie pia, ila umwombe kwanza asimame penye mwanga.

Wako mtiifu, mwenye sweta moja,
Mwanzisha wimbo.

Nyongeza baada ya sahihi:

Ni Ijumaa asubuhi. Mama alikuwa amekwisha kuvaa viatu akisubiri bahasha, nami nikaona si vizuri kumpelekea mtu kadi ambayo haijajaribiwa. Ule mkono wa sweta la zamani ulikuwa bado kwenye kikapu cha mama cha nyuzi. Nikautandika kizingitini pamoja na sweta langu, juani, pasipo ndoo wala pazia, nikaweka kadi juu.

Katika tundu moja palikuwa na kijivu. Katika tundu la pili palikuwa na kijani. Si kijani cha jani, lakini kijani.

Nikamwita mama. Akachungulia kwa jicho moja, kisha kwa jingine, akasema, "Mh." Tukavibeba vyote ndani tukawasha taa ndefu ya jikoni. Matundu yote mawili yakawa kijivu. Tukatoka nje: kijani. Tukarudi ndani: kijivu. Tuliingia na kutoka mpaka jirani akauliza kama tunahama. Inaonekana nyuzi mbili zinaweza kupatana chini ya taa na kukosana juani, na dukani mama aliziona chini ya taa, na jikoni hospitalini alifuma chini ya taa. Mama alilikunja sweta polepole, akasema, "Mimi sikukosea, mwanangu. Limekosea jua." Kisha akakaa kizingitini na viatu vyake, ingawa alikuwa anachelewa.

Kwa hiyo mwalimu wa nidhamu alikosea Jumatatu, akakosea Jumanne, akayafulisha mashati safi, na jana, kwenye lile nililomcheka kuliko yote, aliona kweli. Naomba ufute namba nne pamoja na kila kinachoitegemea. Nimesoma tena barua, naona ni karibu yote. Macho yake yasipewe onyo. Na kadi nimeitoa kwenye bahasha, maana matundu hayana upendeleo.

Herufi (g) tu ndiyo naomba ibaki. Ukumbi wa Jumamosi hauna dirisha hata moja, na taa zake ni zile ndefu nyeupe. Humo ndani nitakuwa kijivu kama wenzangu. Sweta nitalivaa nikishaingia, na nitalivua kabla sijafika mlangoni.