Aliyekula Propela

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Mamlaka ya Vivuko, kwa mara ya kwanza tangu iundwe, imempata mlaji kabla hajamaliza kula. Kilichokuwa kinaliwa ni propela ya kivuko. Mimi nilikuwa katibu wa kamati iliyompata, kwa hiyo ninayoyasema yamo kwenye faili, na yasiyomo niliyaona kwa macho yangu.

Mambo yalianzia kwenye karatasi moja ya daftari yenye doa la grisi. Iliandikwa na fundi wetu wa karakana, tunayemwita Spana, mtu wa miaka ishirini na mbili kazini, ambaye huongea zaidi na mashine kuliko anavyoongea na watu. Aliandika: "Mkuu, propela imeliwa. Panga lake moja limeliwa sana, mawili kidogo. Naomba kivuko kisitoke mpaka niibadilishe."

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akaisoma tena.

"Imeliwa?" akaniuliza. "Na nani?"

"Hajasema, Mkuu."

"Mafuta yakiliwa, naelewa. Matairi, naelewa. Lakini mtu azame mpaka chini ya kivuko, ale propela nzima, na mimi nisiambiwe?"

Niliona uchungu wa kiongozi anayejali.

Mtu wa mtaani angeshuka karakana kuuliza. Taasisi haiendeshwi hivyo. Kufikia saa nane mchana tulikuwa na Kamati Maalumu ya Kuchunguza Ulaji wa Propela, na Spana alikuwa na barua ya kusimamishwa kazi. Sababu ilikuwa wazi: aliyejua wa kwanza kwamba kitu kimeliwa, lazima alikuwepo kinaliwa. Barua ilimkataza kugusa chombo chochote cha Mamlaka, au kukisogelea ndani ya hatua hamsini, mpaka mlaji ajulikane. Siku saba zikipita bila mlaji kujulikana, mlaji atakuwa yeye, na kazi hana.

Kamati ilikaa makao makuu, chumba namba sita, ambako kiyoyozi hudondosha maji kwenye ndoo na ndoo ina mtu wake wa kuimwaga. Shahidi wa kwanza alikuwa mke wa Spana, mama mwenye sauti ya kumwita mtu aliyekwishapanda basi.

Afisa Usalama akafungua daftari. "Mama, wiki iliyopita mumeo alikula nini?"

"Wali na maharage. Ijumaa hakula. Alisema anawaza propela."

"Andika hiyo, Katibu," Mkurugenzi akasema. "Ijumaa hakula nyumbani. Alikuwa ameshashiba."

"Ameshiba nini, baba? Mume wangu hata muhindi wa kuchoma namtafunia mimi! Huko juu ana meno manne, na mawili yanacheza!"

Niliandika kwamba shahidi alikiri mtuhumiwa ana meno.

Kisha akaingia Spana mwenyewe, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mkuu. Hiyo propela haijaliwa na mtu. Imeliwa na maji."

"Maji yameajiriwa na nani?" akauliza Afisa Usalama.

Spana akatoa skrubu mfukoni, na bisibisi. Kabla hatujamwelewa, alikuwa ameshaanza kuisokota skrubu kwenye meza ya kikao.

"Mnaona inavyozama? Propela ni hivi hivi, ila yenyewe inasokota maji. Mapanga yamelazwa upande. Yakizunguka yanasukuma maji nyuma, kivuko kinakwenda mbele. Sasa panga likipinda, au likizungushwa kasi kuliko uwezo wake, maji ya mgongoni mwake yanachemka bila moto. Yanatoa mapovu. Povu likipasuka linang'ata chuma. Kidogo tu, lakini siku nzima, mwaka mzima."

"Hiyo meza ni ya mninga!" Mkurugenzi akapiga kelele, na hapo povu likamtoka yeye. Tulisubiri dakika kumi.

Povu lilipokwisha, niliuliza kama mapovu hayo yanaweza kuitwa kama mashahidi. Spana akasema hapana, yanakufa pale pale. Nikaandika: mashahidi wamefariki.

"Lakini mapovu si tatizo kubwa, Mkuu," akaendelea. "Tatizo ni zinki. Karibu na propela tunafunga kipande cha zinki. Kazi yake ni kuliwa. Maji ya chumvi lazima yale kitu, basi yanaila zinki, yanaiacha propela. Zinki ikiisha, naweka nyingine."

Tukatikisa vichwa kwa pamoja. Sijawahi kuona kamati ikielewa jambo haraka hivyo. Kila mmoja wetu aliwahi kufanya kazi karibu na mkubwa.

"Na hii zinki yetu iko wapi?" Mkurugenzi akauliza.

"Ipo, nzima kama siku niliyoifunga. Mliagiza kivuko kipakwe rangi ya bluu kwa ajili ya wageni, kila kitu, juu mpaka chini. Niliwaambia zinki haipakwi rangi. Ikipakwa, maji hayaioni, yanahamia kwenye propela. Nikajibiwa kila kitu maana yake kila kitu."

Kamati ilijadili kwa kina na kuridhika kwamba zinki ndicho kifaa pekee cha Mamlaka ambacho hakijaliwa hata kidogo. Ikatunukiwa cheti cha uadilifu. Spana akaambiwa arudi nyumbani amalizie siku zake.

Siku ya sita, watu wa ng'ambo wakalalamika kwamba hawavuki. Mkurugenzi akatangaza kivuko kitatoka asubuhi inayofuata. Hoja yake haikuwa na tundu: mlaji amesimamishwa, kwa hiyo hakuna kinacholiwa tena. Na ili umma uwe na imani, safari ya kwanza tungekwenda wenyewe: yeye, Afisa Usalama, mimi, na wageni wawili wa Wizarani. Abiria wangebaki foleni, watazame.

Tulitoka vizuri. Tulikwenda vizuri kama mita mia mbili. Halafu sakafu ikaanza kutetemeka mpaka vikombe vikatembea mezani, chini kikakatika kitu, ta! Injini ikanguruma vilevile, sisi tukasimama.

"Ongeza moto!" Mkurugenzi akamwamuru nahodha.

"Panga limekatika, Mkuu. Nikiongeza, shafti itang'oa sili, ule mpira unaozuia maji, na yataingia ndani." Akazima, akatupa nanga. Baada ya muda akachungulia. "Nanga inakokota. Tukifika kwenye yale mawe, mimi sisemi kitu."

Kulikuwa na boti moja ya kutuvuta, ya karakana, na inakubali kuwaka kwa Spana tu. Naye tulimwona ufukoni. Alikuwa amesimama mbele kidogo ya foleni, kwenye hatua ya hamsini na moja kutoka kwenye boti hiyo, barua mkononi. Nahodha akampigia simu, akaweka sauti kubwa.

"Spana, ndugu yangu, njoo utuvute!"

"Ningekuja, kaka. Lakini nimekatazwa kugusa chombo mpaka mlaji ajulikane."

Mkurugenzi akanyakua simu. "Mimi ndiye niliyekukataza, na mimi nakuruhusu!"

"Kwa simu, Mkuu? Waraka wako unasema agizo la simu si agizo. Ni fomu, au tangazo la hadhara. Hapo juu mna kipaza sauti."

Nikatoa Fomu ya Kufunga Shauri. Ina kisanduku kimoja tu cha lazima: Jina la Mlaji.

"Andika Spana," Mkurugenzi akasema.

"Akiwa yeye ndiye mlaji, Mkuu," nikasema, "kazi hana. Kama kazi hana, boti hawezi kuigusa."

"Andika nahodha."

"Sawa," nahodha akasema, akaachia usukani. "Basi na mimi nimesimamishwa. Niende wapi, hatua hamsini?" Akayatazama maji.

Afisa Usalama alikuwa ameshaingia chooni na kujifungia. Mkurugenzi akanigeukia mimi. Nikamkumbusha kwa unyenyekevu kwamba katibu aliyesimamishwa hawezi kujaza fomu. Mgeni mmoja wa Wizarani alikuwa anaangalia mawe, mwenzake anamwangalia Mkurugenzi.

"Kwani ile rangi ya bluu," akauliza yule wa pili taratibu, "nani alisaini?"

Mkurugenzi alishika kipaza sauti kama anashika nyoka. Ufukoni watu mia tatu wakatega masikio.

"Mimi," akasema, "Mkurugenzi wa Mamlaka ya Vivuko, ndiye niliyekula propela."

Spana hakusogea. Akaweka viganja mdomoni, akaita kwa adabu zote:

"Nimesikia, Mkuu! Hiyo ni nakala ya kwanza! Fomu ni ya nakala tatu!"

Nakala ya pili Mkurugenzi aliisoma haraka kwenye kipaza sauti. Ya tatu hakuisoma peke yake. Foleni nzima ilikuwa imeshaikariri.