Kamati ya Duara Lisiloelezeka la Jego

Serikali ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kijiji chetu cha Jego kimepata tukio lisiloelezeka. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Vijiji vingine vilipata kisima au zahanati. Sisi tulipata duara. Lilikuwa katikati ya shamba la simsim la Dama, mjane, na ndani yake mabua yote yalikuwa yamelala chini.

Bwana Katana, ofisa wa tarafa yetu, alilitazama akasema chombo cha angani kilitua hapo Ijumaa, wanaume walipokuwa msikitini. Siku hiyo hiyo akaunda Kamati ya Matukio Yasiyoelezeka na Ukuzaji wa Filamu za Kusisimua. Wenzetu wana filamu, alisema, kwa sababu wana mafumbo, nasi sasa fumbo tunalo. Mimi niliteuliwa mjumbe wa akina mama, kwa kuwa najua kuandika na sigombani na mtu.

Kanuni zilikuwa nyepesi. Ni marufuku kulieleza tukio lisiloelezeka. Shamba zima lizungushiwe kamba, asiingie mtu mpaka filamu ikamilike. Na ikiwa, kwa bahati mbaya, tukio litaeleweka, Kamati itavunjwa na kamba itafunguliwa.

Kamba ilifungwa na askari Mwero. Namsifu kijana yule. Alifunga polepole asivunje mabua, na kila alipopigilia kigingi alimwomba Dama radhi.

Shida ilikuwa moja tu, nayo haikuwa ya kitaifa. Simsim ilikuwa imekauka. Simsim iliyokauka haimngoji mtu: maganda hufunguka, mbegu humwagika mchangani, ukachelewa ukavuna mabua. Na hiyo ndiyo iliyokuwa nguo na chumvi ya Dama na wanawe kwa mwaka mzima.

Alinijia asubuhi na bakuli la muhogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

"Sikai. Maganda ya chini yameanza kupasuka. Zimebaki siku nne, tano zikizidi. Na Ijumaa ile, bibi, nilikuwa juu ya dungu nikiwinga ndege. Niliona kila kitu. Ile Landrova ya..."

"Usieleze, Dama."

"Ilikuwa ikizunguka, ikizunguka, na mwenyewe ndani anapiga kelele, 'Simama! Simama, we!' Utadhani anasema na ng'ombe."

"Nikikusikia nitapoteza sifa za ujumbe."

"Kwani hukusikia?"

"Masikio ya uzee haya. Muhogo umeutia nazi?"

Ni kweli kwamba dereva wa ofisi aliondoka na mzungu wake. Ni kweli pia kwamba Bwana Katana hakutaka dereva mwingine. Alisema mtu huru hujiendesha mwenyewe. Gari lilimtii, ila kwa upande wa kulia tu. Lakini hayo hayakuihusu Kamati.

Kesho yake tuliketi kutunga kisa. Mwalimu Suleiman alipendekeza viumbe wenye macho matatu, wanaotua Jego kumtafuta ndugu yao aliyepotelea Majoreni miaka mia iliyopita. Bwana Katana alikipenda, akaongeza kwamba wakamatwe mpakani Lunga Lunga kwa kukosa hati za kusafiria.

"Wana chombo cha kuruka," akasema Mwalimu. "Lunga Lunga watapitia kufanya nini?"

"Kugongewa muhuri. Huwezi kuingia nchi huru hivi hivi tu, ati una macho matatu."

"Na shujaa ni nani?" nikauliza.

Bwana Katana akatazama dari. "Jina tusilitaje. Awe kijana, mrefu, mwenye cheo katika tarafa."

Nikaomba kuchangia kidogo. Nilisema shujaa wa aina hiyo si wa kutembea kwa miguu. Aingie na Landrova, peke yake, mbele ya kamera, awafukuze viumbe.

Bwana Katana akakohoa. "Dereva tunaweza kuazima."

"Shujaa wa kuendeshwa, mwanangu? Watu si watadhani shujaa ni dereva?"

Wajumbe wakakubali kwa kauli moja. Nikaandika haraka, wino ukakauka.

Siku ya tatu alikuja Bwana Abdurahman wa ofisi ya filamu, na kamera, na utepe wa kupimia. Kabla ya kumsalimu ofisa aliuliza mwenye shamba ni nani, akampigia Dama hodi pale penye kamba. Nikajua huyu kalelewa.

Aliomba mazoezi yafanyike katika konde tupu la jirani. Bwana Katana akapanda gari. Liliruka, likakohoa, likakata kulia. Likakata kulia tena. Likaendelea hivyo, kamera ikipiga picha, nasi tukisikia toka ndani, "Simama! Simama, we!" Mwero alivua kofia, kama mtu anayepisha jeneza. Mwishowe gari lilisimamishwa na kichuguu.

Bwana Abdurahman alipima duara lililoachwa na magurudumu. Akavuka kamba kwa adabu, akapima la Dama. Akarudi akikunja utepe.

"Upana ni ule ule, Bwana Katana. Una maelezo?"

"Maelezo ni marufuku," akajibu Bwana Katana kwa sauti ndogo.

"Basi usieleze. Nimeelewa."

Nikaandika kwamba tukio limeeleweka. Nilipoinua kichwa, Mwero alikwisha kung'oa vigingi vyote, na Dama alikuwa shambani na mundu. Kwa bahati tu, wanawake kumi na wawili walikuwa wakipita njia ile, kila mmoja na mundu wake na mkeka. Kufika alasiri simsim yote ilikuwa imefungwa miganda.

Filamu ilikamilika. Ni fupi, haina viumbe, na huonyeshwa maofisa wapya wa wilaya zote kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa gari. Nasikia hucheka mpaka wakashikana mikono.

Bwana Katana aliiandikia Kamati barua kuiomba iipige filamu hiyo marufuku. Lakini Kamati ilikwisha kuvunjwa, na mjumbe pekee ambaye barua ilimkuta ni mimi, nami nilikuwa kwa Dama, napeta simsim.