Ziwa la Sebuleni na Mchanga wa Iga Barrière

Jumatatu, 8 Septemba

Sylvie amesema baba yake anakuja kuona nyumba yangu. Jumapili hii! Papa Louis mwenyewe, mzee wa Mahagi, muuza samaki, mtu wa kando ya ziwa tangu babu zake. Kabla hajapokea ujumbe wa familia yetu kwa ajili ya posa, anataka kujua binti yake atalala chini ya paa gani. Akilikataa paa, Sylvie nimemkosa. Ni hivyo tu.

Sylvie aliongeza kwamba nisifanye kitu. Nifagie, nichemshe chai, basi.

Nifagie! Mimi, Ephraïm, mwana wa Butembo, mwenye duka la chaja na vifuniko vya simu, nimpokee mtu wa ziwa kwa ufagio?

Wazo limekuja nikiwa naoga. Nitamletea ziwa lake hapa hapa sebuleni, mtaani kwetu Nyakasanza. Tangi la kioo, samaki wadogo, na mimea ya kijani inayocheza majini. Nimeangalia video nyingi kwenye simu. Kwa mtu anayeanza, wanasema, kazi kubwa ni kuchagua vitu viwili: taa, na udongo wa kulaza chini. Rahisi kabisa. Nashangaa kwa nini watu wote hawafanyi.

Dada yangu Dorcas, ambaye nakaa naye, hakushangaa. Alisema: "Batu ya ziwa banaona samaki tangu kuzaliwa. Weye utabaonesha nini?" Dorcas hajawahi kuwa na maono.

Jumanne, 9 Septemba

Fundi wa vioo ameleta tangi. Zuri! Halivuji, ila kona moja, kidogo.

Leo udongo. Video inasema tabaka jembamba la udongo wenye rutuba chini, halafu changarawe juu yake ili udongo usipande. Nilifikiri kama mfanyabiashara: kama rutuba kidogo ni nzuri, nyingi itakuwa nzuri zaidi. Nikachukua udongo mweusi wa bustani, nikachanganya na mavi ya sungura wa Dorcas. Ndoo nzima. Changarawe sikuweka. Kwa nini kufunika kitu kizuri?

Nikatia maji. Yakawa kama chai ya maziwa. Nilisema yatatulia. Hayakutulia. Yalianza kunuka.

Mchana akina mama wa maombi wakaja kwa Dorcas kama kawaida yao. Mama Madeleine, kiongozi wao, alisimama mlangoni, akashika pua, akauliza kwa upole kama kuna mnyama aliyekufa ndani. Nilisema ni panya. Wakaiombea nyumba. Waliomba kwa muda mrefu, kwa sauti, mikono juu, na mimi nikiwa nimesimama mbele ya tangi nimelifunika kwa kitenge. Nilisema amina. Aibu!

Jumatano, 10 Septemba

Taa. Anayeuza taa za sola mbele ya duka langu ni Olivier. Mwaka jana Olivier alimbebea Sylvie mfuko wa vitunguu kutoka sokoni, na hajaacha kuuongelea mfuko huo. Alisikia habari ya tangi, sijui kwa nani. Akavuka barabara na kuniambia nichukue taa ndogo, nyeupe, niwashe saa chache mchana kisha nizime, maana mimea nayo inapumzika. Alinipa na taa yenyewe nijaribu. Bure.

Bure! Ili Jumapili aseme ziwa la Ephraïm linawaka kwa taa ya Olivier? Nilimrudishia. Nikamwambia nina taa ya kiwango kingine.

Na kweli ninayo. Mimi ndiye mtunzaji wa vitu vya matanga vya avenue yetu, barabara hii tunayokaa: viti, turubai, na ile taa kubwa ya sola inayowashwa uani watu wanapolala kwenye kilio. Ile taa inaweza kumulika mtaa mzima. Nimeifunga juu ya tangi. Sebule imekuwa nyeupe. Sungura wa Dorcas, nje kwenye banda, hawalali.

Ijumaa, 12 Septemba

Maji ni ya kijani. Si kijani cha mimea, ni kijani cha sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Hakuna kinachoonekana ndani. Nimerudi kwenye video. Kumbe taa kali na rutuba nyingi pamoja vinalisha uchafu wa kijani kuliko mimea. Yaani kile alichosema Olivier. Nimeifunga video.

Nikamwaga kila kitu. Karibu kila kitu, maana udongo ulikwama kwenye kona.

Lakini leo nimepata akili kubwa. Video inasema changarawe ioshwe mara nyingi kabla ya kuweka. Kuosha mara nyingi! Mgongo wangu! Ndipo nikawaza: kule Iga Barrière watu wanaosha mchanga asubuhi hadi jioni wakitafuta dhahabu. Wakishatoa chao, mchanga unabaki rundo, umeoshwa tayari, hakuna anayeutaka. Nikamtuma mwendesha pikipiki. Ameniletea mfuko mzima. Mzuri, safi, na una vichembe vinavyometameta!

Nimepanda majani niliyong'oa kijitoni. Nimetia vitilapia vidogo kutoka kwenye bwawa la rafiki. Sasa ni ziwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Vitilapia vinachimba. Nilichopanda jana kinaelea leo. Nimepanda tena, vimeng'oa tena. Mimea sasa nimeifunga kwa uzi kwenye kijiko, na kijiko nimekizika.

Jambo baya. Kuna msiba upande wa pili wa avenue. Mzee Ézéchiel, mkubwa wa avenue, alikuja kuchukua taa ya kilio. Taa iko juu ya samaki! Kesho Papa Louis anakuja! Nilisimama mlangoni, nikavuta pazia nyuma yangu, nikamwambia taa imekufa, iko kwa fundi. Mwanga ulikuwa unapita chini ya pazia na kumulika viatu vyake. Aliviangalia viatu. Akaniangalia mimi. Akaenda.

Taa ya kilio imetolewa na Olivier. Bure. Sijisikii vizuri hata kidogo. Nilikwenda kutoa pole, nikakaa nyuma kabisa, ambako mwanga haufiki.

Jumapili, 14 Septemba

Wamekuja! Papa Louis, mdogo wake Baba Eugène, na Sylvie katika gauni la njano. Dorcas alileta chai. Mimi nikakiondoa kitenge juu ya tangi, taratibu, kama mtu anayezindua mnara.

Papa Louis akainama, akatazama kwa muda. Nikasubiri machozi. Alisema: "Siye hatukamatake batoto ya samaki." Basi. Akaeleza kwamba kwao mtu akirudi na samaki wa kimo hicho, wenzake wanamchomea wavu. Aliuliza nani alivitoa kwa mama yao. Nilitamani kuingia ndani ya tangi nikajizike pamoja na kijiko.

Hapo Baba Eugène, ambaye ujana wake wote alichimba dhahabu, akasogea karibu. Si kwa samaki. Kwa mchanga. Chini ya taa ile mchanga ulimeta vibaya. Akauliza umetoka wapi. Nikasema Iga Barrière. Chai ikasimama hewani. Papa Louis akakaa vizuri, akashusha sauti, akauliza kama mchanga huo ni wangu wote.

Nilitakiwa kusema: ni takataka, Papa, waliosafisha wameshachukua chao. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Nikatabasamu. Nikauliza kama wangependa sukari zaidi.

Papa Louis aliniita mukwe! Kwa mdomo wake! Akasema kijana mwenye akili haweki mali benki, anaiweka mahali mwizi anaona samaki tu. Nilikuwa na furaha, tukacheka. Sylvie peke yake hakucheka.

Jumanne, 16 Septemba

Habari imeenea. Watu ambao hawajawahi kunisalimia wananisalimia. Mteja mmoja alinunua chaja asiyoihitaji ili aniulize kuhusu samaki. Asubuhi kulikuwa na mtu tusiyemjua amesimama mbele ya nyumba, anaangalia dirisha. Dorcas hakunigombeza. Alihamisha kitanda chake mbali na mlango, akaweka jiwe nyuma ya mlango wenyewe. Heri angenigombeza. Katika mji huu nyumba inayosemekana ina dhahabu haina usingizi, na dada yangu analala humo kwa sababu yangu.

Sylvie alikuja dukani. Aliniuliza akinitazama machoni: ni dhahabu au si dhahabu? Ningeweza kumaliza yote kwa neno moja. Nilisema mambo ya mchanga yana hatua zake. Alichukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 18 Septemba



Baba Eugène alikuja na karai la kuoshea dhahabu. Papa Louis alikuwa nyuma yake. Walisema wanakuja kumsaidia mukwe. Tangi likabebwa uani. Avenue yote ikaja: Mama Madeleine na akina mama wake, Mzee Ézéchiel, Olivier. Dorcas aliweka samaki kwenye sufuria ya maji na kukaa karibu nayo.

Baba Eugène aliosha. Anaosha vizuri, anazungusha karai kama anayetikisa mtoto. Kilitoka kijiko. Vikatoka vichembe vya kumeta, akavisugua kidoleni, vikawa vumbi. Kikabaki kitu kizito cheusi chini, watu wote wakainama. Alikivunja, akanusa. Mavi ya sungura.

Hakuna aliyecheka mwanzoni, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kucheka. Mama Madeleine alisema polepole: kumbe ndiye yule panya. Ndipo wakacheka. Mzee Ézéchiel hakucheka. Aliinua taa iliyokuwa bado imefungwa juu ya tangi, akabonyeza, ikawaka mchana kweupe. "Si ulisema taa ilikufa? Hii iko nawaka ni nini?"

Familia ile ilimlilia marehemu wao kwa taa ya Olivier kwa sababu yangu. Olivier aliangalia chini. Alinionea huruma! Papa Louis alinawa mikono, akamuaga Dorcas kwa heshima, akapita karibu nami. Nilitaka apige kelele. Hakupiga.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimerudisha taa na kuomba radhi kwenye nyumba ya msiba. Walinipa kiti. Niliona aibu kukaa. Vitilapia nimevirudisha bwawani.

Sylvie alikuja jioni. Alikuwa amelia. Alisema angenikubali na ufagio wangu tu, na kwamba baba yake hakuja kutafuta mali, alikuja kuona mtu. Nami nililia, wala sijali nani atasoma hapa. Halafu akasema amemwomba baba yake arudi mara moja ya mwisho. Papa Louis alikubali kwa shida. Sharti moja: "Akuwe tu vile iko." Kesho kutwa anakuja.

Nimeapa. Hakuna tangi, hakuna taa, hakuna uongo. Papa Louis atamwona Ephraïm mtu mnyenyekevu, jinsi alivyo.

Jumamosi, 20 Septemba

Kazi nyingi! Makochi yetu mapya nimeyapeleka kwa Mama Madeleine, na televisheni iko chini ya kitanda cha Dorcas. Rafiki yangu Rémy ameniazima mkeka uliochanika na kiti cha miguu mitatu. Ukuta ulikuwa safi mno, nimeupaka masizi kidogo. Nimefanya mazoezi ya kuinamisha kichwa mbele ya kioo, na nafikiri unyenyekevu unanifaa sana. Dorcas amehamia kwa jirani hadi Jumatatu.

Imebaki suruali. Ni nzima mno. Natafuta mkasi.